Presha kuka ya umeme na mbaazi za alfajiri: hesabu ya mpishi wa Malindi

Kila shoga anayepita kibarazani kwangu na kuiona presha kuka ya umeme ananiuliza swali lile lile: "Haikumalizii tokeni?" Nimejibu mpaka nimechoka, basi najibu hapa kwa wote. Hainimalizii. Inakula umeme kidogo kuliko pasi ya mtu mwenye kanzu nyingi. Lakini kuna jambo la bei ya umeme wenyewe linaloniudhi, na hilo sitalinyamazia. Chungu nakipa alama nane kwa kumi. Bei ninayotozwa kwa umeme wa saa kumi alfajiri naipa tatu.

Kwa wasionijua: napika mbaazi za nazi na mahamri hapa Barani, mtaa wa Malindi, nauza asubuhi mpaka watoto waishe njiani kwenda shule. Chai ya maziwa ipo kwa anayetaka kukaa. Si hoteli, ni meza mbili na mkeka wa jua. Kwa hiyo tathmini hii si ya mtu aliyepika wali mara moja akapiga picha. Ni ya mtu ambaye mbaazi zikichelewa kuiva, siku yake ya kazi imepotea.

Nimeinunua mjini, duka moja la vyombo vya umeme, kwa shilingi 9,500 baada ya kuvutana bei. Lita sita, wati elfu moja. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu siku hizi chungu kile kile unakiona kimebandikwa majina manne tofauti. Muuzaji ni kijana mpole, alitia maji ndani, akawasha pale pale mbele yangu, akanionyesha jinsi ya kufungua kishimo cha mvuke kwa mwiko wa mbao badala ya kidole. "Mama, hapa usiweke uso," akaniambia, na hilo peke yake lilistahili pesa. Kasoro ni kitabu cha maelezo: Kichina na Kiingereza, Kiswahili hakuna hata neno. Chombo kinauzwa Pwani nzima, na anayekinunua mara nyingi ni mama ambaye somo lake la mwisho la Kiingereza lilikuwa darasa la nane. Mwisho kijana alichukua utepe wa gundi akaniandikia juu ya vitufe: mchele, nyama, maharagwe, supu. Dhamana ni mwaka mmoja, na kadi alinigongea muhuri bila kuombwa.

Sasa mbaazi. Naziloweka usiku, kilo moja kavu. Usizidishe, kwa sababu mbaazi hufura na chombo hiki hakitaki nafaka za jamii hiyo zipite nusu ya chungu. Povu likipanda linaziba kishimo cha mvuke. Naosha, natia maji yafunike kwa vidole viwili, na kijiko cha mafuta kutuliza povu. Nabonyeza kitufe cha maharagwe, nashusha muda hadi dakika ishirini na tano. Inachukua robo saa au zaidi kidogo kupata presha, kisha ndipo dakika zinaanza kuhesabiwa. Wakati huo mimi nakanda unga wa mahamri, nasali, nakuna nazi. Zamani nilikuwa nimeinama juu ya jiko napepea.

Tui halipikwi kwa presha. Hilo mtu asidanganywe na picha za mtandaoni. Tui jepesi likichemshwa ndani ya mfuniko uliofungwa linakatika, unapata mafuta juu na maji ya kijivu chini. Acha mbaazi ziive, toa mvuke, fungua, halafu ndipo utie tui jepesi na kitunguu, bizari, chumvi na pilipili mbichi nzima, uiache ichemke wazi. Tui zito mwisho kabisa, na ukishalitia usigeuze kisogo. Kwa utaratibu huo sijaona tofauti ya ladha. Mavyaa wangu, ambaye ulimi wake ni mahakama ya rufaa katika nyumba hii, alikula bakuli zima akauliza kama nimebadilisha mbaazi, kwa sababu hizi zimelainika mpaka ganda.

Hesabu ya tokeni niliifanya kwa njia rahisi: nikasoma yuniti kwenye mita kabla ya kuwasha, nikasoma tena baada ya kuzima, friji ikiwa imechomolewa na taa moja tu inawaka. Kilo moja ya mbaazi inakula chini kidogo ya nusu yuniti. Siri yake ni kwamba wati elfu moja hazitumiki muda wote. Ikishafika presha inajizima, inakaa kimya, inajiwasha kidogo tu joto linaposhuka. Ukuta wake umefunikwa, mvuke hautoki, moto hauchomi hewa ya jikoni. Mimi napika vyungu viwili kila alfajiri, kwa hiyo karibu yuniti moja. Ukiongeza maharagwe ya jioni na supu ya watoto, mwezi unakwisha nimetumia kama yuniti 35 zaidi ya zile nilizokuwa nikitumia zamani.

Makaa ya mbaazi peke yake yalikuwa yananila shilingi mia moja kwa siku, na siku za mvua, makaa yakiwa na unyevu, zaidi. Kwa mwezi ni kama 2,600. Umeme wa nyongeza haujapita 1,100. Naokoa elfu moja na mia tano hivi, na chungu kinajilipa kwa nusu mwaka na siku chache. Bado sijahesabu macho. Aliyewahi kupepea jiko la makaa ndani ya jiko lenye dirisha moja anajua ninachosema.

Na makaa yale yanatoka wapi? Yanateremka kwa baiskeli na pikipiki kutoka bara, upande wa Langobaya, Baolala na Marafa, mengine yakitoka kwenye msitu wa Dakatcha ambao kila mwaka unazidi kuwa mwembamba. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti Februari 2018, ikaondoa marufuku hiyo Julai 2023, na katika miaka yote hiyo sikukosa gunia hata mara moja. Nilichokiona ni bei kupanda. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 55 ya nyumba za Kenya zinapikia kuni, asilimia kama 12 makaa, gesi karibu asilimia 24. Wanaopikia umeme hawakufika hata asilimia moja. Tunapozungumza soko la nishati la Kenya tunakimbilia nguzo na nyaya, lakini nishati kubwa ya nchi hii ingali inapita mlangoni kwangu juu ya baiskeli, imefungwa kwa kamba ya mkonge.

Yaliyonishinda na chungu hiki. Mahamri hayakaangwi humo, usijaribu. Yanataka karai, mafuta mengi na moto unaoupandisha na kuushusha kwa mkono. Hivyo jiko la makaa sijaliondoa, limepunguziwa kazi tu. Pilau inawezekana, lakini kitunguu kukifanya chekundu mle ndani ni subira. Moto wa chini hauna hasira. Na wali wa nazi, jamani. Wali unaiva, hauungui, mchele unasimama. Lakini wali wa nazi wa kwetu hupaliwa, makaa juu ya mfuniko na makaa chini, mpaka ukoko ukamatane na sufuria. Presha kuka haina ukoko. Mavyaa aliufunua wali wa kwanza, akakwangua chini kwa kijiko akitafuta, akakosa, akafunika. Hakusema neno. Kuanzia siku hiyo Ijumaa wali hupikwa kwa makaa.

Umeme ukikatika katikati ya kupika si msiba kama nilivyoogopa. Mfuniko umefungwa na joto liko ndani, mbaazi zinaendelea kuiva dakika kadhaa, na kama zilikuwa zimefika mwisho unaweza kuziacha tu. Kama zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, basi ni jiko la makaa. Sinunui tena gunia zima, lakini debe moja lazima liwe uvunguni. Nchi nzima ililala gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na ikawa vivyo hivyo tena Novemba na Desemba mwaka ule ule. Mwuza chakula asiye na moto wa akiba anacheza.

Jambo la waya: mpwa wangu ni fundi wa umeme, na kabla sijawasha alikuja akaitazama soketi ya jikoni, akacheka, akaing'oa. Nyumba zetu za zamani zina nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio. Wati elfu moja kwa waya mwembamba wa kuunganisha, ule unaotandazwa chini ya mkeka, ni kuomba moto. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, soketi nzima, na pasi isiwake wakati ule ule. Hewa ya chumvi nayo haina huruma: skrubu za chini ya chungu changu zimeshaanza kutu. Futa kwa kitambaa kikavu kila siku.

Huyo mpwa ndiye aliyenitia uchungu wa bei. Siku moja alikaa pale kwenye meza saa kumi na moja kasoro, akisubiri hamri la kwanza, akaniuliza: "Shangazi, unajua hivi sasa unapikia mvuke wa bure?" Nikamwambia kama ni wa bure, tokeni nanunua za nini. Akaanza kunieleza, na sehemu kubwa ya aliyonieleza nimeyasoma mwenyewe baadaye magazetini.

Kenya ina mitambo ya umeme ya takriban megawati 3,300 ukijumlisha yote. Kubwa kuliko zote ni jotoardhi, mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria karibu na Naivasha, ulioanza kuzalisha 1981 na sasa unatoa zaidi ya megawati 900. Halafu mabwawa ya Mto Tana, Gitaru na ndugu zake. Halafu upepo, wa Ziwa Turkana peke yake megawati 310. Jua lina megawati 210, na 40 kati ya hizo ziko hapa kwetu Langobaya, ile mitambo iliyowashwa Desemba 2021. Ethiopia inatuuzia 200 tangu Novemba 2022 kwa laini ndefu ya Suswa. Mwisho kuna mitambo ya mafuta mazito, ya Kipevu na Rabai ikiwemo, ambayo ni ghali na ndiyo inayotuongezea ile tozo ya mafuta kwenye tokeni.

Upande wa matumizi, kilele ni jioni. Kuanzia magharibi mpaka saa tatu usiku hivi kila mtu amewasha: taa, televisheni, birika, pasi ya kesho. Februari 2025 kilele kilifika megawati 2,316, na rekodi imevunjwa tena baada ya hapo. Mtu atasema 2,316 kwa 3,300, kuna wasiwasi gani? Wasiwasi ni kwamba saa moja na nusu usiku Langobaya ni giza, vioo vile vyote havitoi kitu. Upepo huja ukitaka. Mabwawa yanategemea mvua za mwaka. Kinachobaki cha kutegemewa ni kidogo kuliko namba ya kwenye karatasi, na ndipo mafuta yanapochomwa.

Halafu watu wanalala. Usiku wa manane matumizi ya nchi yanashuka hadi karibu nusu ya kile kilele. Lakini Olkaria hailali. Kisima cha mvuke hakizimwi na kuwashwa kama taa ya chumbani. Ukishakifungua kinataka kutoa. Na upepo wa Turkana unapenda kuvuma usiku. Kwa hiyo saa ambayo mimi nimeinamia mbaazi zangu, mvuke wa Olkaria huachwa mwingine ukatoka hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Hiyo ndiyo maana ya mpwa wangu kusema wa bure. Umeshachimbwa, umeshatoka, unapotea.

Mbona basi silipi kidogo saa ile? Hapo ndipo alama tatu zilipotokea.

Viwanda vinajua habari hii zamani. Tangu Desemba 2017 kuna punguzo kwa wateja wakubwa wanaoongeza matumizi yao ya usiku, nusu ya bei ya msingi. Katika bei zilizoidhinishwa Aprili 2023 na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, magari na pikipiki za umeme zilipewa mita na bei yake maalumu: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Mimi, kwa bei zile zile za 2023, nikiwa mtumiaji wa kati, bei yangu ya msingi ilikuwa 16.30, iwe saa mbili usiku nchi inapochoma mafuta, iwe saa kumi alfajiri mvuke unapotupwa. Pikipiki ikichajiwa alfajiri ilihesabiwa nane. Mbaazi za wanafunzi zilihesabiwa kumi na sita na senti thelathini. Ukishaongeza tozo ya mafuta, marekebisho ya dola, tozo ya maji, asilimia tano ya umeme wa mashambani na kodi ya asilimia 16, yuniti inanifikia kama shilingi 26. Inapanda na kushuka mwezi kwa mwezi.

Na kuna mtego mwingine mdogo. Bei ya nafuu, iliyokuwa 12.22 mwaka 2023, ni ya anayetumia yuniti 30 au chini kwa mwezi, kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba yangu kabla ya chungu ilikuwa kama yuniti 25, tuko ndani ya nafuu raha mustarehe. Nikaacha makaa kama tunavyohimizwa redioni, nikaanza kupikia umeme, nikavuka 30, na sasa yuniti zote zimehamia daraja la 16.30, hata zile 25 za taa na friji nilizokuwa nazo tangu zamani. Kabla ya kodi ni kama shilingi mia moja zaidi kwa mwezi kwa umeme ule ule. Si pesa ya kunifilisi, ndiyo maana bado nasema nunua. Lakini mtu mwenye kipato kidogo kuliko changu, anayehesabu tokeni za shilingi hamsini hamsini, akiona hivyo anarudi kwenye makaa, na huwezi kumlaumu.

Wataalamu wanaogopa, na hofu yao ina haki, kwamba sote tukianza kupikia umeme gridi itaelemewa. Nimeipiga hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la madeni: vyungu milioni moja vya wati elfu moja vikiwashwa pamoja ni megawati elfu moja. Hiyo ni zaidi ya Olkaria yote. Ikitokea saa moja usiku, nchi inazimika. Lakini saa tisa au saa kumi usiku nafasi ipo. Maharagwe, mbaazi, kunde, makande, supu ya miguu, vyote hivi ni vyakula vya kupika kabla na kupasha baadaye. Chungu chenyewe kina kitufe cha kuchelewesha: unatia usiku, kinajiwasha alfajiri. Ramadhani ndiyo ingekuwa darasa zuri, kwa sababu futari tunaipika saa ile ile ya kilele, na daku saa ile ile ya mvuke wa kutupwa. Mama akiambiwa alfajiri ni nusu bei, atajua mwenyewe la kufanya. Hahitaji semina hotelini na chupa ya maji.

Badala yake tumeletewa mazungumzo ya mitambo mikubwa, na kwa bahati mbaya au nzuri, mingi ilielekezwa Pwani. Lamu walipangiwa makaa ya mawe ya megawati 1,050 kule Kwasasi; Baraza la Rufaa la Mazingira likafuta leseni Juni 2019, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Uyombo, mwendo mfupi kutoka Watamu, walipangiwa nyuklia, wakaandamana Mei 2024 mpaka wakapigwa, na baadaye macho ya serikali yakahamia Siaya. Mimi si mhandisi. Umeme mwingi zaidi utahitajika, sipingi. Nchi inaunganisha nyumba mpya kila mwaka na wateja wameshapita milioni tisa. Ila naona ajabu kuzungumza mtambo wa miaka kumi ijayo wakati umeme wa Olkaria wa leo usiku hauna mnunuzi, na mnunuzi yuko macho, anakanda unga.

Gesi nayo watu wameniuliza. Ninao mtungi wa kilo sita, nautumia kwa chai na kukaanga vitu vya haraka, na kwa kazi hizo hauna mpinzani. Kwa kuchemsha mbaazi sijawahi kuona faida, unakwisha kabla mwezi haujafika katikati. Tena bei yake haina uaminifu: kodi ya asilimia 16 ilirudishwa Julai 2021, ikashushwa kuwa 8 Julai 2022, ikaondolewa Julai 2023, na hapo katikati kilichobadilika si gesi, ni bajeti. Inaletwa kwa meli Mombasa, inanunuliwa kwa dola. Mvuke wa Olkaria angalau haupiti forodhani.

Nani anunue basi? Anayepika nafaka ngumu au nyama ngumu kila siku, anunue kesho. Mwenye nyumba ya kupanga ambaye umeme umejumlishwa kwenye kodi ya nyumba, azungumze kwanza na mwenye nyumba, maana nimesikia mambo. Mtu wa wali, samaki wa kupaka na chapati, hakihitaji sana. Samaki anaiva kabla chungu hakijapata presha, na pweza pekee ndiye atakayekishukuru. Walioko sehemu ambazo umeme bado ni wa sola ndogo ya taa na simu, chungu hiki si chao kwa sasa, wati elfu moja zitaizima betri. Ukubwa, chukua lita sita hata kama mko wanne. Lita nne ukishaondoa ile sheria ya nusu chungu inabaki sufuria ya mchuzi.

Na mnapolipia, ombeni mpira wa mfuniko wa akiba pale pale dukani. Mimi niliupata kwa shilingi mia tatu na hamsini. Mpira hunyonya harufu, na baada ya mwezi wa bizari na kitunguu saumu haitoki hata kwa ndimu na siki. Nina miwili: mmoja wa mbaazi na supu, mwingine nimeufunga kwenye mfuko, hautoki ila kwa ndizi mbivu za sukari na iliki.